Fedha za Siha: Tusidanganywe na Wastani

Mwezi wa Julai mwaka 2020 Benki ya Dunia ilitangaza ya kuwa Tanzania imetoka katika daraja la nchi maskini na kuingia daraja la kipato cha kati cha chini. Mpaka uliowekwa ulikuwa dola 1,036 kwa kila mtu kwa mwaka. Sisi tulihesabiwa dola 1,080. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini baadhi ya wenzetu wamekuwa wakizungumza tangu hapo kana kwamba fedha hizo zimetiwa mkononi mwa kila mkulima wa alizeti wa Iramba na kila mfugaji wa Manyoni. La, ndugu zetu. Mtu mwenye ng'ombe 100 na jirani yake asiye na hata ndama, wastani wao ni ng'ombe 50 kila mmoja, na watoto wa yule wa pili watalala bila maziwa.

Leo twataka kusema juu ya hesabu nyingine, ambayo haikupigiwa vigelegele: fedha zinazotumika kwa siha ya kila mtu. Tukizichanganya zote, za Serikali, za wafadhili na zile azitoazo mgonjwa mwenyewe dirishani, kwetu hazifiki dola 50 kwa mtu kwa mwaka. Kwa jirani zetu wa Kenya zimepita 80. Afrika Kusini zimepita 500. Marekani zimepita 12,000.

Wako watakaosema: basi hatuna la kufanya mpaka tutajirike. Hayo si kweli. Wajapani hutumia chini ya nusu ya kile watumiacho Wamarekani kwa kila mtu, na bado huishi miaka mingi kuwapita. Na Thailand, ambayo sisi huitaja kwa mchele tu, ilipitisha mwaka 2002 sheria ya kumpa kila mwananchi haki ya matibabu. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa katika daraja lile lile tuliloingia sisi mwaka 2020. Haikungoja utajiri. Iliamua kwanza, kisha ikapanga makisio yake kufuata uamuzi.

Sisi nasi tuliahidi. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakakubaliana ya kuwa kila Serikali itenge sehemu 15 katika kila 100 za makisio yake kwa ajili ya siha. Robo karne imekwisha kupita, na kwetu sehemu hiyo mara nyingi imekuwa chini ya 10. Twasema hivi bila kuwabeza wale waliofanya kazi kwa kidogo kilichopo. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 1999 vilikuwa 147. Vifo vya wazazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000 kwa muda wa miaka saba tu. Wakunga na waganga wa zahanati zetu wamefanya kazi hiyo. Hospitali za makanisa, kama ile ya Makiungu na ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi, nazo zimebeba mzigo mkubwa katika mkoa huu.

Lakini nani alikuwa akilipa? Sehemu kubwa ya dawa za UKIMWI ilinunuliwa kwa fedha za wageni. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa saini moja ya kalamu, na ilipofika Julai shirika lake la misaada lilikuwa limefungwa. Azimio la Arusha lilituonya juu ya jambo hili mwaka 1967, tukalifanya wimbo wa shule. Mwenye kutegemea dawa ya jirani hupona kwa hiari ya jirani.

Tufanye nini hapa Singida? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Sheria ni njema. Lakini hata ule mfuko wa jamii ulipokuwa ukitoza Sh. 30,000 kwa kaya ya watu sita, kaya nyingi hazikujiunga, na si kwa ujinga: mtu aliyelipa akafika akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, hatalipa mara ya pili. Dawa ziwepo kwanza.

Tena, tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zake, na kila moja ina kamati yenye wajumbe wa wananchi. Twauliza: ni wanachama wangapi wanaowajua wajumbe hao kwa majina? Kila tawi, kutoka Mkalama mpaka Itigi, liombe katika mkutano wa kijiji kusomewa ni kiasi gani kilichoingia mwaka huu, kimenunua nini, na ni dawa gani zilizokosekana. Diwani naye aulizwe halmashauri imetoa kiasi gani katika mapato yake yenyewe. Majibu yaandikwe na kuletwa kwetu kabla ya madiwani kukaa juu ya makisio mapya. Tutayachapa, kata kwa kata.