Jiko Lina Wenyewe?

Wapo wazee wenzangu wanaonicheka kwa kuwa nakanda unga. Nawauliza: je, tumbo la mwanamume halijui skonzi? Lakini nami nilikuwa mmoja wao. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwaondoa wavulana katika somo la sayansikimu wakalime bustani, nikiamini jiko lina wenyewe. Mke wangu alipofariki ndipo nilipouona ujinga wangu.

Skonzi zangu za kwanza zilikuwa ngumu kama mawe. Unga ulipoganda vidoleni niliongeza unga mkavu, na hilo ndilo kosa. Donge laini hunata mwanzoni. Likikandwa dakika 10 huacha lenyewe. Maziwa yawe vuguvugu, maana yakiwa ya moto sana huiua hamira. Funika donge liumuke hadi lijae maradufu, likate vipande, viache viumuke tena, kisha oka sufuriani: makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini.

Hiyo ni sayansi, tena ni subira. Anayemnyima mwanawe wa kiume elimu hiyo kwa kisingizio cha mila, na anijibu: siku kijana huyo atakapobaki peke yake, nani atamlisha?