Kasi ya Prosesa Isitupumbaze

Nyaraka nyingi za zabuni za kompyuta nilizopata kuzisoma hutaja kasi ya prosesa kwa mbwembwe, kisha huipita kumbukumbu kwa mstari mmoja. Huo ni upofu, na hulipiwa kwa fedha za umma.

Prosesa ya leo humaliza hesabu katika sehemu ya nanosekunde, ilhali kufuata data katika kumbukumbu kuu huchukua takribani nanosekunde mia. Mwaka 1995, William Wulf na Sally McKee walionya kwamba pengo hilo lingegeuka ukuta. Dawa yake ni kache: ghala dogo lililo ndani ya prosesa, lihifadhilo kilichotumika punde kwa kutaraji kitatakiwa tena. Mpishi mwenye chumvi na vitunguu kando ya jiko hatumi mtu sokoni kila dakika. Mwaka 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D yenye kache ya megabaiti 96. Michezo mingi ya kompyuta ikaenda mbio kuliko kwenye 5800X, ingawa prosesa hiyo mpya ilikuwa na kasi ndogo ya saa.

Hata hivyo, kache humfaa arudiaye data ile ile. Kwa pilau ya harusi ya watu elfu, kisahani cha kando ya jiko hakisaidii. Zinahitajika barabara pana na lori. Akili mnemba ni harusi ya namna hiyo. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7, kila kimoja baiti mbili, ina gigabaiti 14, na kwa kawaida husomwa yote ili kutoa kipande kimoja tu cha neno. Kumbukumbu ya kompyuta ya mezani ipitishayo gigabaiti 90 kwa sekunde haiwezi kuvuka vipande sita na ushei, hata prosesa iwe hodari vipi. Na kache ya megabaiti 96? Haishiki hata asilimia moja ya modeli hiyo.

Marekani imelielewa jambo hili vyema: Desemba 2024 iliweka vizuizi vya kuiuzia China kumbukumbu yenye njia pana, ambayo watengenezaji wake wakuu ni SK hynix, Samsung na Micron. Dola kubwa hazigombanii njia hiyo kwa mchezo. Sisi tungali tunahesabu prosesa. Mpango wa taifa wa akili mnemba usiotaja upana wa njia ya kumbukumbu, mimi naukubali kwa shingo upande.