Mama yake anashona viatu Dongguan
Na Shomari Mbwana

Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda Guangzhou mara mbili atakuelekeza mtaa wa Xiaobei akiwa amefumba macho: wapi wanapika pilau, wakala gani hachezei mzigo, nani anachangisha watu kontena. Muulize habari za Mchina mmoja anayemjua nje ya duka. Atakutajia mkalimani wake.

Simlaumu. Hoteli inalipiwa kila usiku na mtaji wenyewe ni wa mkopo. Ila watu hao hao ndio wakirudi wanatuhubiria kwamba vijana wetu ni wavivu, waige Wachina. Wanasiasa nao, wakishatembezwa viwandani kwa basi lenye kiyoyozi, hurudi na wimbo huo huo. Kabla ya mahubiri, mtu angeshinda kutwa na mwanafunzi wa huko, amfuate aendako.

Mimi kijana wetu anayesomea udaktari huko ndiye aliyenikutanisha na binti wa Kichina wa mwaka wa tatu. Pita njia hiyo, maana Beijing na Shanghai wapo "wanafunzi" wanaomsimamisha mgeni barabarani kwa Kiingereza kizuri, wakamkaribisha chai, na bili ikija inameza nauli ya kurudia.

Chuo cha binti huyo kiko Guangzhou, kwenye kisiwa cha Xiaoguwei, ambako kuanzia mwaka 2004 jiji lilikusanya vyuo vikuu 10. Saa mbili asubuhi maktaba imejaa, au tuseme viti ndivyo vimejaa: nusu yake havina watu, vina chupa ya maji ya moto, rundo la vitabu na koti lililotundikwa. Mwenyewe kaenda kunywa uji. Ukithubutu kuvisogeza vitabu vyake umetafuta ugomvi. Mchana watu hao hao wamelaza vichwa juu ya vitabu wanapiga usingizi, na hakuna anayewacheka. Bwaloni alinilipia yeye kwa kadi yake: wali, mboga za majani, mayai yaliyokaangwa na nyanya. Kila nilipopunguza sahani aliiongeza, kama shangazi zetu.

Jioni tukaenda kwenye mgahawa. Kwanza alisuuza vikombe, bakuli na vijiti kwa chai ya moto, maji akayamwaga kwenye beseni lililowekwa mezani kwa kazi hiyo. Ndiyo desturi ya watu wa Guangzhou. Nilipommiminia chai aligonga meza kwa vidole viwili, kushukuru bila kukatiza maneno. Na maneno alikuwa nayo.

Mama yake anashona viatu kiwandani Dongguan, jirani tu na Guangzhou. Baba yuko huko huko, kiwanda kingine. Yeye kalelewa na bibi kijijini, kwa sababu mtoto aliyeandikishwa kijijini ni vigumu kupata nafasi katika shule ya serikali ya mjini. Wazazi aliwaona Mwaka Mpya wa Kichina. Mwaka wa mwisho wa sekondari aliingia darasani kabla jua halijachomoza na kutoka saa nne usiku, akijiandaa kwa gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaoanza Juni 7. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42.

Baada ya chuo? Nilidhani atasema kampuni ya teknolojia Shenzhen. Anataka kazi ya serikali. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, baada ya hapo serikali ikaacha kutangaza takwimu hiyo kwa miezi kadhaa, kisha ikairudisha kwa hesabu mpya isiyowahusisha wanafunzi. Kwenye usaili wa utumishi wa serikali kuu kwa mwaka 2025, waombaji zaidi ya milioni 3.4 waligombea nafasi karibu 39,700. Nikacheka, akataka kujua kulikoni. Nikamweleza kwamba kwetu kijana akipata ajira ya serikali nyumbani huchinjwa kuku.

Naye akaniuliza kama viatu vya Dongguan huwa vinadumu vikifika kwetu. Nikamwambia vingine miezi mitatu soli imeachia. Hakukasirika. Mama yake, alisema, hushona kwa bei ya mwenye oda: anayelipa zaidi anawekewa gundi nzuri na mshono wa pili. Tangu siku hiyo nikisikia mtu analaani "feki za Mchina" namuuliza nani alikwenda kuziagiza.

Maonyesho makubwa ya Guangzhou, yanayofanyika kila majira ya kuchipua na ya vuli tangu 1957, hayakosi watu wetu, na safari zao huanza kupangwa mapema. Vijana wetu wanaosoma huko wapo, na wana marafiki madarasani. Kabla ya kukata tiketi, mpigie mmoja umwombe akukutanishe na mwenzake, na siku hiyo mkalimani apewe likizo yenye malipo.