Makundi ya Chakula Wameshayaimba, Sasa Wafundishwe Kusoma Pakiti

Leo tunavuka bahari, tena tunakwenda mbali, mpaka Tunduma mpakani na Zambia, ambako wapo wenzetu walioolewa na wengine wanaokwenda kwa biashara.

Mkoa wa Songwe unamtia mama uchungu. Mbozi kuna mahindi na kahawa, Kamsamba mpunga, Ileje ndizi, Ziwa Rukwa samaki. Lakini utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Kipimo cha 2022 kilionesha nafuu, ila bado ni karibu mmoja katika watatu. Tusiambiwe ni umasikini peke yake. Umasikini upo, na maradhi yapo, na mama anayeshinda shamba na mtoto mgongoni yupo. Lakini chakula nacho kipo, na anayekichagua kesho ni msichana aliyeko skuli leo.

Na huyo msichana anafundishwa nini? Anayaimba makundi ya chakula, anatiwa vema, basi. Kwenye ufahamu anapewa habari fupi na maswali ya kuchagua herufi. Haulizwi nani kaiandika habari ile, anauza nini, ushahidi wake uko wapi, na kipi amekinyamazia. Mtoto wa miaka 11 mpaka 13 ana shilingi zake mkononi wakati wa mapumziko na anajinunulia mwenyewe. Tunduma kibanda kimoja kinaweza kuwa na biskuti za Dar es Salaam, juisi ya Zambia na peremende za Afrika Kusini, lebo nyingine kwa Kiingereza kitupu. Atachagua kwa rangi ya pakiti, kwani hajafundishwa njia nyingine.

Chukueni unga. Pakiti imeandikwa "sembe super, nyeupe, daraja la kwanza". Super kwa kipi? Weupe ule umepatikana kwa kukoboa, na ukikoboa unaondoa pumba na kiini, ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini na madini mengi ya hindi. Mwalimu aiweke pakiti hiyo mezani pamoja na kipeperushi cha kliniki kinachosifu dona. Kisha awape habari ya tatu: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na kukoboa hupunguza sumu hiyo. Sasa dona au sembe? Hapo ndipo darasa linapochangamka. Maandishi yote matatu yana ukweli ndani yake, na mtoto lazima aulize mahindi yalikaushwaje na yalihifadhiwa wapi kabla hajajibu.

Wapo watakaosema hilo ni somo la Sayansi. Kupima maneno ya mtu anayetaka pesa yako ni Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe hasa! Wengine watasema vitabu hakuna na darasa limefurika. Pakiti tupu ziko jalalani bure. Sheria ya lebo ni kutaja viambato kuanzia kile kilicho kizito zaidi, kwa hiyo "juisi ya embe" inayoanza na maji, ikafuata sukari, embe likaja nyuma, imejishitaki wenyewe. Na chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hivi, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema mtu mzima asizidishe vijiko sita kwa siku. Hesabu hiyo darasa la tano wanaiweza.

Na sisi wenyewe hatujapona. Tunageuza pakiti kutafuta alama ya halali na jelatini, tukiridhika tunaitia kapuni. Vizuri, tusiache. Lakini macho yameshafika kwenye lebo, kwa nini yasishuke mistari miwili zaidi?

Maharusi, nyinyi ndio mnawindwa hasa. Wiki tatu kabla ya ndoa simu imejaa chai za kupunguza tumbo na vidonge vya kuongeza mwili, "asilia asilimia mia", picha ya kabla na ya baada, na namba ya kutuma pesa. Kilichomo hakijaandikwa, kipimo hakijaandikwa, na aliyetengeneza hajulikani. Bi harusi anakunywa, na huenda miezi miwili baadaye ana mimba. Tunduma au Mkunazini, mtego ni huo huo, na anayeunasa ni msichana aliyefaulu ufahamu kwa kuchagua herufi.

Kwa hiyo walimu tunaowajua, na kina mama mlio kwenye kamati za skuli, tunadai kipindi kimoja tu cha Kiswahili kwa wiki, kuanzia darasa la tano: pakiti moja, tangazo moja, kipeperushi kimoja, na mtoto aandike nani anasema kweli na amejuaje.