Kuku wa Nyama Huanza Kukua Ndani ya Yai

Mara nyingi twasikia mfugaji akinung'unika: «Nimewapa chakula chema na maji safi, lakini kuku wangu hawakui.» Humlaumu muuza chakula, au hudhani ni ugonjwa. Leo twataka kumrudisha nyuma zaidi, hata siku zile kuku wake walipokuwa bado ndani ya yai.

Yai la kuku huatamiwa siku 21, na kuku wa nyama wa siku hizi huchinjwa akiwa na majuma 6 hivi. Fanyeni hesabu: theluthi ya maisha yake hupita ndani ya ganda.

Joto lifaalo ni digrii 37.8 kwenye ganda lenyewe. Twasema kwenye ganda, si katika hewa ya mashine, maana hayo mawili hayalingani sikuzote. Siku za kwanza yai hupokea joto. Tangu siku ya kumi hivi, kifaranga huanza kutoa joto lake mwenyewe, na mayai yaliyosongamana hupashana moto. Basi kipimajoto cha ukutani chaweza kuonyesha 37.5, kumbe ganda limekwisha kupita 38.

Ajabu ni kwamba mwenye mashine haoni hasara yo yote. Vifaranga hutoka mapema, naye hufurahi! Lakini kifaranga aliyeunguzwa hivyo hakupata muda wa kumaliza kiini cha yai. Hutoka mfupi, kitovu hakikufunga vema, na moyo wake ni mdogo. Naye ataka kukua kutoka gramu 40 hadi kilo 2 na zaidi kwa majuma 6 tu: moyo huo utasukumaje damu ya mwili mkubwa namna ile? Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi walieleza habari za vifaranga ambao tangu siku ya 7 ganda lao lilishikwa katika digrii 38.9. Walikua vibaya kuliko wenzao wa 37.8, na wengi zaidi walipatwa na ugonjwa wa tumbo kujaa maji.

Baridi nayo huchelewesha vifaranga na kuwadhoofisha, lakini hiyo kila mtu huiogopa.

Umeme ukikatika, jambo tulilolizoea mno, watu hukimbilia kuifunika mashine kwa mablanketi. Katika juma la kwanza wafanya vema. Katika juma la mwisho, mashine ikiwa imejaa, wawaua vifaranga kwa moto wao wenyewe na kwa kukosa hewa. Heri kuufungua mlango kidogo, na kuyagusa maganda mara kwa mara.

Nanyi mnaonunua vifaranga, msitazame wingi wa kelele katika sanduku. Mshikeni mmoja mmoja, mgeuzeni tumbo juu. Mwenye kitovu cheusi au kilicho wazi, mrudishieni muuzaji kabla hamjatoa fedha.