Haki ya Ganda la Chungwa

Apitaye Muheza wakati wa msimu wa machungwa, au asimamaye penye mkokoteni wa muuza machungwa katika kona yoyote ya Dar es Salaam, ataona kazi ya kisu ifanywayo kwa ustadi usio haba: ganda la nje, jembamba mithili ya karatasi, huzungushwa likatoka utepe mmoja mrefu, na chungwa likabaki jeupe, tayari kukatwa kichwa na kufyonzwa. Utepe huanguka chini, na jioni hufagiliwa. Mlaji naye, akiisha kufyonza, huutupa ule weupe pamoja na nyuzi zake. Hivyo katika tunda lililolimwa, likachumwa na kusafirishwa kwa gharama, aghalabu kiingiacho mwilini ni maji, na yaliyosalia, ambayo kwa mizani hukaribia nusu ya tunda, huhesabiwa kuwa taka. Nami nadai kwamba hesabu hiyo ina kasoro, na kwamba ganda lina haki ya kuingia chunguni kama chakula, wala halihitaji kusifiwa kuwa dawa ndipo lipate heshima yake.

Utepe ule wa nje umejaa vifuko vidogo vya mafuta, na mafuta hayo, kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, ni limoneni, nayo ndiyo mnukio ule urukao puani mara ganda likunjwapo. Chini yake umo weupe, ambao wengi huudharau, ilhali ndimo iliyomo pektini, kitu ambacho Mfaransa Henri Braconnot alikipa jina hilo mwaka 1825, na ambacho ndicho kigandishacho jamu. Ganda likiisha kukaushwa, kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake huwa ni pektini. Mwaka 1828 Mfaransa mwingine, Lebreton, akatoa humo humo hesperidini, ambayo ni mojawapo ya kundi kubwa la viambato vya mimea viitwavyo flavonoidi. Na vitamini C, ambayo kila mtu huitafuta katika maji ya chungwa, hufika kiasi cha miligramu 136 katika gramu 100 za ganda bichi, ilhali katika nyama ya tunda ni kiasi cha 53. Ni kweli kwamba moto wa jikoni huipunguza, na kwamba hapana atakayekula gramu 100 za ganda kwa mkao mmoja.

Watu wa pwani hawakughafilika na jambo hili, ijapokuwa hawakuwa na maabara. Achari ya ndimu ni nini, ila ganda lililotiwa chumvi, likaanikwa juani hata likalainika, likakolezwa pilipili, likawa tamu kuliko maji yaliyokuwamo? Danzi, ambalo kwa uchungu wake ni wachache walilao hivi hivi, ni la jamii ile ile ya machungwa ya Seville ambayo Waingereza huyapikia mamaledi. Na huko Xinhui, katika jimbo la Guangdong nchini China, maganda ya machenza huanikwa na kuwekwa akiba kwa miaka, na bei yake hupanda kadiri yanavyozeeka. Sioni udhuru wowote wa sisi, wenye machenza, madanzi na malimau tele, kununua kutoka ng'ambo jamu iliyogandishwa kwa maganda ya wenzetu.

Walakini wapo waliokwisha kuliharibu jambo hili kwa kuuza unga wa maganda kama ponyo la kila maradhi. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, ambaye mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel, alitangaza pamoja na wenziwe kwamba flavonoidi za limau huipa nguvu mishipa midogo ya damu, wakaziita vitamini P. Baadaye jina hilo likaachwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba ni vitamini. Ikiwa bingwa wa daraja hiyo alipita mpaka, mchuuzi wa vichupo asituhimize kuharakisha kuamini. Tena yako ya hadhari: matunda yaliyosafiri mbali aghalabu hupakwa nta na dawa ya ukungu, ambazo kuosha hakuziondoi zote, na mwenye kutumia dawa za moyo au za kupunguza lehemu amuulize tabibu wake kabla ya kula balungi, liwe nyama au ganda, kwani lina viambato vinavyoweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya dawa hizo mwilini.

Pektini yenyewe hutolewa kwa kulichemsha ganda katika maji yenye tindikali, kisha kuitenga kwa spiriti, nayo ni kazi ya kiwanda chenye rasilimali kubwa. Sidhani kwamba Muheza ianzie huko. Ganda bichi, katika joto na unyevu wa Tanga, huota ukungu upesi, na vimeng'enya vyake huivunja pektini. Basi la kwanza litakiwalo ni mahali pa kulichovya katika maji ya moto na kulikausha siku ile ile, karibu na mashamba na karibu na wakamuao juisi. Halmashauri ijengayo soko na dampo yaweza kujenga kaushio pia, na gari la taka likapunguziwa safari.