Kabla Shamba Halijauzwa

Makomredi, tuongee ukweli kuhusu urubani. Hapa kwetu ndoto hiyo huanza na sare nyeupe na kuishia kwenye hati ya shamba. Ukitamka tu nyumbani kwamba unataka kuendesha ndege, wazee wanaketi, harambee inapangwa, ekari moja inatafutiwa mnunuzi. Hakuna anayeuliza: huyu kijana amewahi kushika usukani wa ndege hata saa moja?

Wamarekani wana njia ya kujibu swali hilo kwa gharama nafuu. Mwaka 2004 mamlaka yao ya anga, FAA, ilianzisha leseni ya ndege nyepesi za starehe: hadi mwaka 2025 zilitakiwa kuwa na viti visivyozidi viwili, na uzito wa kupaa usiozidi kilo 600 kwa zile za nchi kavu. Ukiwa na miaka 17 unahitaji angalau saa 20 angani, 15 ukiwa na mwalimu na 5 peke yako, kisha mtihani wa maandishi na wa kuruka. Leseni ya kawaida ya rubani binafsi inadai saa 40. Hata upande wa afya, kwa wengi leseni ya kuendesha gari inatosha.

Lakini tusidanganyane. Leseni hiyo si ya kutafutia ugali. Huruhusiwi kulipwa, unabeba abiria mmoja tu, na kwa kuwa haifuati viwango vya kimataifa vya ICAO, usitarajie kushuka nayo Nairobi na kuanza kuruka. Komredi anayekwenda kusoma huko akiambiwa saa 20 zitampa kazi, akimbie.

Basi sisi inatufaa nini? Inatufunza kuonja kabla ya kununua. Leseni ya kibiashara inadai angalau saa 200, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Zidisha hizo kwa bei ya saa moja ya ndege, halafu utaelewa kwa nini shamba linakwenda. Ukimaliza, kampuni nyingi bado zitakuuliza una saa ngapi.

Kwa hivyo fanya mambo mawili mapema. Kwanza, kapimwe afya ya daraja la kwanza, ile inayodaiwa kwa rubani wa kibiashara. Kugundua shida ya macho baada ya kulipa karo ni msiba. Pili, nenda Wilson ulipie somo moja tu la majaribio. Jua la mchana likiwaka, kandege kakianza kurushwarushwa na hewa ya moto, utajua kama tumbo na roho yako vinakubali.

Wapo watakaosema ninawavunja watu moyo. La hasha. Anayeshuka akitabasamu ataenda kwa wazazi na hoja yenye uzito. Anayeshuka akitapika ameokoa ekari.

Na chama chetu kisikae kimya. Tuna klabu za mdahalo na za kupanda milima. Mbona hatuna ya urubani? Aero Club of East Africa ipo tangu 1927, kwa hiyo klabu za anga si kitu kigeni hapa. Viongozi wetu waende shule za urubani wakaombe bei ya kikundi kwa masomo ya majaribio. Pesa ya saa moja tunaweza kuchanga. Ya shamba haturudishi.